Injini ya petroli imekosa pumzi: kutafuta kosa la kompresheni na la mwako

Malalamiko yanayowafikia mafundi wa Tanga, kuanzia vijiwe vya bodaboda vya Ngamiani hadi gereji za Chumbageni, yanafanana: chombo kimekuwa kizito, mafuta hayafiki mbali, mlima kinaukataa. Jibu la haraka nalo linafanana: "Injini imekwisha hiyo, tuifumue." Mara nyingi haijaisha. Imeziba eakilina (kichujio cha hewa), au tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu) imebana, au plagi imechoka. Kufumua injini nzima ya pikipiki bila kuipima kwanza ni kumlipisha mteja gasketi, ringi na siku mbili za kazi kwa kosa la plagi.

Injini ya petroli inadai vitu vitatu: hewa na mafuta kwa kipimo, mgandamizo (ndiyo kompresheni), na cheche kwa wakati wake. Kilo 1 ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikiyumba, dalili zinatoka zilezile, ndiyo maana watu wanakisia. Basi tunaanza na kipimo kinachotenga kosa la mgandamizo na kosa la mwako, kisha tunapita dalili moja baada ya nyingine. Mifano mingi ni ya injini za aina ya CG 125 ya Honda, ambazo pikipiki nyingi za Kichina zimeziiga, na Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Mashine za boti ziko mwishoni.

Mgandamizo unaleta nini

Pistoni ya CG 125 ikipanda na kushuka inafagia sentimita za ujazo 124. Pistoni ikiwa chini kabisa, nafasi yote iliyo juu yake ni 139.5, ikifika juu, inabaki 15.5. Uwiano wa mgandamizo basi ni 9 kwa 1. Mchanganyiko ukibanwa zaidi kabla ya kuwaka, moto nao unapata safari ndefu zaidi ya kutanuka huku ukiisukuma pistoni, na joto linalotupwa kwenye ekzosi linapungua. Kwa hesabu ya karatasi, uwiano wa 8 unaweza kugeuza asilimia 56 ya joto kuwa kazi, wa 9 asilimia 58, wa 10 asilimia 60. Injini halisi haifiki huko. Ikiwa nzima inatoa robo hadi theluthi, na kwenye foleni chini ya hapo, kwa sababu joto jingi linaishia kwenye mapezi, kwenye rejeta na kwenye moshi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Uwiano ni umbo la injini, na ringi zikichakaa haubadiliki. Kinachopungua ni shinikizo analolisoma fundi kwenye geji, kwa kuwa mchanganyiko unavuja kupitia ringi, valvu au gasketi. Uwiano wenyewe hupanda pale masizi yanapojaa juu ya pistoni au silinda hedi inapochongwa kupita kiasi, na hapo injini inaanza kunoki, yaani kulia kama kokoto ndani ya kopo (tazama Dalili ya 3). Kwa hiyo kompresheni ya juu kuliko ya kitabu si sifa. Ni dalili kama dalili nyingine.

Kupima kompresheni

Geji ya kufunga kwa nyuzi ni bora kuliko ya kubana kwa mpira. Hakikisha nyuzi zake zinalingana na za plagi, na urefu pia: ncha ndefu mno inaweza kugongwa na pistoni.

1. Endesha dakika kumi injini ipate joto lake la kawaida, kisha zima.
2. Puliza au futa mchanga unaoizunguka plagi kabla ya kuifungua. Mchanga wa pwani ukidondokea ndani ya silinda unachora ukuta.
3. Toa plagi, kwenye gari toa zote nne. Kwenye pikipiki, irudishe plagi kwenye kofia yake na uilaze iguse chuma cha injini, mbali na tundu. Waya ukiachwa unaning'inia hewani, koili au sidiai (CDI, kisanduku kinachoamuru cheche) inaweza kuungua. Kwenye gari chomoa soketi za koili na fyuzi ya pampu ya mafuta.
4. Vuta mkono wa mafuta (kwenye gari, kanyaga pedeli) hadi mwisho na uushikilie hapo. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalozihukumu injini nzima kuwa mbovu.
5. Piga kiki au stata mpaka mshale wa geji usimame, kwa kawaida mara tano hadi nane. Andika pigo la kwanza na la mwisho.

Hakuna sigara wala jiko karibu. Mvuke wa petroli unatoka tunduni.

Pikipiki nyingi za 125 na 150 zikiwa nzima husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 130 na 180, lakini namba ya kufuata ni ya kitabu cha modeli yako. Chini ya psi 100 kuwaka kunakuwa kwa taabu. Angalia pia kama injini yako ina kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kiki, kwa kuwa hizo husoma chini hata zikiwa mpya. 1NZ-FE ya IST inatakiwa kusoma psi 213, isishuke chini ya 156, na silinda zisitofautiane zaidi ya psi 14. Tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe: nne zilizochoka sawasawa zitatembea miaka, moja iliyoanguka peke yake inadai matibabu.

Ikisoma chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye tundu la plagi, zungusha injini mara mbili tatu, pima tena. Ikipanda vizuri, oili imeziba njia ya ringi. Kosa liko kwenye ringi au silinda. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Soma na mwendo wa mshale: pigo la kwanza likiwa chini kisha linajengeka kidogokidogo ni ringi, likiwa chini na likibaki hapohapo ni valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yake.

Aliye na kompresa anaweza kwenda mbali zaidi. Weka pistoni juu valvu zote zikiwa zimefunga, ingiza upepo kupitia tundu la plagi, usikilize. Ukivuma kwenye kabureta, valvu ya kuingiza inavuja. Ukivuma kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Ukitokea kwenye tundu la oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Funga gia na breki kwanza: upepo ukiisukuma pistoni, gurudumu linazunguka na vidole vinaumia.

Neno kwa walioko Lushoto. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko Tanga mjini. Geji nayo itasoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Injini iliyosoma 160 bandarini ikisoma 136 Lushoto haijaharibika njiani.

Dalili ya 1: Haiwaki, au inawaka kwa taabu

*Plagi na umeme wake.* Anzia hapa kila mara. Plagi ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika ila cheche haipo au ni dhaifu, au choki imevutwa mno. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Upana wa cheche kwa pikipiki nyingi za kabureta ni milimita 0.6 hadi 0.7. Hewa ya chumvi ya pwani inaoza kofia ya plagi kwa ndani kabla haijaonekana kwa nje. Ivute, tazama kama kuna kutu ya kijani, kata sentimita nusu ya waya na uifunge upya. Kofia ni speya ya bei ndogo kuliko zote kwenye pikipiki, na ndiyo inayopuuzwa.

*Petroli iliyolala.* Pikipiki iliyokaa miezi miwili mitatu imepoteza zile sehemu nyepesi za petroli zinazoshika moto haraka. Mwaga ya kwenye bakuli la kabureta, weka mpya.

*Silinda iliyooshwa.* Ukipiga kiki nyingi choki ikiwa imevutwa, petroli inaosha oili ukutani, ringi zinakosa kuziba, kompresheni inashuka na injini inakataa kabisa. Inaonekana kama imekufa. Toa plagi, funga koki ya mafuta ya tanki, piga kiki kumi kuikausha, dondoshea oili kidogo ndani, rudisha plagi kavu.

*Tapeti zilizobana.* Hapa tukae kidogo, maana ndiko injini nyingi za bodaboda zinakouawa. Valvu ya ekzosi hupoa pale tu inapokalia kiti chake; joto linapita kwenye kiti kwenda kwenye silinda hedi. Tapeti ikibana, valvu haikai sawasawa, joto linakosa njia, ukingo wa valvu unaungua, na kompresheni inatoka na moshi. Tapeti hubana zenyewe kadiri valvu inavyokula kiti. Mbaya zaidi hubanwa na fundi ambaye mteja amemlalamikia kelele. Tapeti inayolia kidogo ni nzima. Iogope iliyonyamaza kabisa.

Kwa CG 125 kipimo ni milimita 0.08, kuingiza na kutoa, injini ikiwa baridi, imelala usiku kucha. Fungua kifuniko cha tapeti na kile cha kuonea magneti. Zungusha magneti kinyume cha saa mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava, tapeti zote mbili zikicheza. Kama moja imebana hauko kwenye pigo la kugandamiza. Zungusha duara moja zaidi. Ingiza filageji (ubapa mwembamba wa chuma wa kupimia nafasi) ya 0.08: ipite kwa kukwaruza kidogo. Legeza nati, rekebisha, shikilia skrubu isizunguke huku unakaza nati, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza huwa kunakibadili kipimo. Modeli nyingine zina namba tofauti, usihamishe 0.08 kwenye Boxer au TVS bila kuangalia kitabu.

Kama baada ya tapeti kompresheni bado iko chini na kijiko cha oili hakikuipandisha, hedi ifunguliwe na valvu zisagwe kwa pesti. Valvu yenye ukingo uliolika au uliopasuka haisagwi, inatupwa. Kiti kikiwa kimezama, hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine ya kukata viti, si ya chini ya mwembe.

Dalili ya 2: Nzito, inakunywa mafuta, mlima inaukataa

Kabla ya kuigusa injini, inyanyue na uzungushe magurudumu kwa mkono. Breki inayoshika, cheni kavu na tairi laini vinakula mafuta kama ringi zilizokufa. Halafu jaribu klachi: ukiongeza mafuta mlimani na mlio wa injini unapanda bila mwendo kupanda, injini haina kosa, klachi inateleza.

Matumizi yapimwe, yasikisiwe. Jaza tanki hadi ukingoni, nenda Pangani na kurudi, kilomita 100 hivi, jaza tena hadi palepale, andika lita. Fanya hivyo kabla ya matengenezo na baada yake, kwa mzigo uleule. Anayebeba mshikaki wa watu watatu leo na kesho yuko peke yake hana cha kulinganisha.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni eakilina. Vumbi la barabara za udongo na la chokaa upande wa Pongwe linaifunga haraka. Hewa inapungua, mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, plagi inakuwa nyeusi. Ya karatasi igonge na kuipuliza kutoka ndani kwenda nje, mara mbili tatu tu, kisha nunua mpya. Ya sponji ioshe kwa sabuni, ikauke, ilowekwe oili kidogo na kukamuliwa. Kuiondoa kabisa "ipate hewa" ni kuipa silinda msasa: vumbi linaingia moja kwa moja na ringi zinakwisha mapema sana.

Inafuata kabureta. Choki isiyorudi yote, floti (boya la kwenye bakuli) iliyo juu mno, jeti (kitundu kinachopitisha mafuta) iliyopanuliwa. Jeti haizibuliwi kwa waya. Tundu likipanuka kidogo tu pikipiki itakunywa siku zote na hutajua kwa nini. Izibue kwa upepo na petroli safi. Skrubu ya hewa kwa kabureta nyingi ndogo huanza mizunguko miwili hivi kutoka ilipofungwa, kisha inarekebishwa injini ikiwa na joto na ikiwa sailensi (inaunguruma bila kuongezwa mafuta) mpaka mlio uwe juu na laini.

Plagi itakusaidia kusoma, ingawa petroli ya siku hizi isiyo na risasi haiipaki rangi kwa uwazi kama ile ya zamani. Kahawia hafifu ni sawa. Nyeusi kavu yenye masizi ni mafuta mengi. Nyeusi yenye ute ni oili. Nyeupe kama chokaa, au yenye vidonge vidogo vya chuma kwenye kauri, ni joto la kupita kiasi au hewa nyingi: usiendelee na safari ndefu mpaka ujue hewa inaingilia wapi. Mara nyingi ni mpira unaounganisha kabureta na hedi, umepasuka. Nyunyizia maji ya sabuni hapo injini ikiwa sailensi. Mlio ukibadilika, umepata.

Baada ya hayo ndipo upime kompresheni. Mwisho kabisa tazama ekzosi iliyozibwa na masizi, au kwenye gari kichujio cha ekzosi (katalaiti) kilichoyeyuka, ambacho huinyima injini pumzi ya kutoka.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto inazidanganya injini za kabureta. Kadiri unavyopanda hewa inapungua ila jeti inamimina karibu ileile, basi juu injini inakohoa na kutoa masizi. Anayefanya kazi huko kila siku aweke jeti ndogo kwa hatua moja. Anayepanda Jumamosi na kushuka Jumapili aache jeti yake. Akirudi pwani na jeti ndogo, hewa itazidi na pistoni itaunguzwa.

Dalili ya 3: Inanoki, kama kokoto ndani ya kopo

Mlio huu husikika injini ikibeba mzigo kwa mwendo mdogo. Cheche hupigwa kabla pistoni haijafika juu, ili moto ukue na shinikizo lifike kileleni pistoni ikiwa imeshapita juu kwa digrii kama 15 za mzunguko. Katika kunoki, sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi inalipuka yenyewe kwa joto na mbano kabla moto haujaifikia. Wimbi lake linapiga kuta, linaondoa utando wa hewa unaoikinga pistoni na joto, na alumini inaanza kulika.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni mwendeshaji: gia ya nne mlimani wakati inatakiwa ya pili. Shusha gia, sikiliza. Ikinyamaza, huna kosa la kutengeneza.

Ya pili ni petroli yenyewe. Mafuta ya taa yana oktani (uwezo wa kuvumilia mbano bila kulipuka yenyewe) ndogo mno, na yakichanganywa kwenye petroli injini inanoki hata tambarare. Serikali huweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta ili kunasa uchakachuaji, lakini petroli ya chupa kando ya njia haina wa kuipima. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe safi, subiri dakika chache. Petroli huruka bila kuacha kitu; doa la mafuta likibaki, kuna mchanganyiko. Karatasi haithibitishi mahakamani, ila inatosha kukufanya umwage tanki.

Ya tatu, masizi. Yanapunguza nafasi ya juu ya pistoni, uwiano unapanda, na vipande vyake vinawaka wekundu kama kaa na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Masizi si wageni wa waja leo waondoka leo, yakishakaa, yamekaa. Fungua hedi, yalainishe kwa petroli, kwangua kwa kijiti cha mti au plastiki. Bisibisi inachora alumini, na kila mchoro ni kitanda cha masizi mapya.

Zinabaki joto la kupita kiasi, hewa nyingi, plagi ya namba isiyo yake, na taimingi (wakati wa cheche) iliyotangulizwa. Pikipiki za sidiai taimingi haisogei yenyewe; ikiwa imesogea, tazama ufunguo wa magneti.

Simama hapa: mlio mzito wa *do-do-do* kutoka chini ya injini, unaosikika hata bila mzigo na unaokua na mwendo, si kunoki. Ni beringi ya koneksheni, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Zima, isukume. Kilomita tano zaidi zinaweza kutoboa bloki.

Dalili ya 4: Moshi

Mweusi ni mafuta mengi, umeshajibiwa kwenye Dalili ya 2.

Wa bluu ni oili inayoungua, na wakati unapotoka ndio unaosema mengi. Ukitoka asubuhi tu, wingu moja kisha kwisha, au unapoachia mafuta kwenye mteremko, ni sili za valvu. Ukitoka kila unapovuta mafuta, ni ringi. Kabla ya yote pima kiwango cha oili: CG inachukua lita moja hivi, na aliyejaza lita moja na nusu atauona moshi wa bluu kwa kosa lake mwenyewe.

Ringi zinapimwa kwa kuzitoa kwenye pistoni na kuziingiza moja moja ndani ya silinda, zikisukumwa kwa kichwa cha pistoni zikae sawa. Kwa silinda ya CG ya milimita 56.5, pengo likifika 0.5 ringi imekwisha. Ipime juu na chini ya silinda. Pengo likitofautiana, silinda imekuwa kama faneli. Ringi mpya kwenye silinda ya faneli zitatoa moshi tena baada ya muda mfupi, na mteja atarudi kwako. Silinda ipelekwe kuboa, na pistoni ya oversaizi inunuliwe kwanza, ndipo mchongaji achonge kwa kuifuata hiyo. Zinakwenda kwa hatua za 0.25. Unapofunga, alama ya ringi iangalie juu na mapengo yapishane, yasipangane mstari mmoja.

Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto, kwenye gari, ni maji yanayoingia silindani. Mvuke mwepesi asubuhi yenye unyevu si kosa. Tanga unyevu haukosekani.

Dalili ya 5: Gari linachemka na kupunguza maji

Tazama kwanza feni, mipira, mfuniko wa rejeta na themostati. Kisha, injini ikiwa *baridi*, fungua mfuniko, washa, tazama maji. Mapovu yasiyokoma tangu dakika ya kwanza ni gesi ya mwako inayopita kwenye gasketi. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Maji yenye shinikizo yanaruka usoni.

Hapa mwenye gari asijaribu mwenyewe. Hedi ya alumini iliyochemka hupinda, na ya 1NZ-FE hairuhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05 upande wa bloki. Kuweka gasketi mpya bila kuipima kwa rula ya chuma na filageji ni kazi ya bure. Boliti zifungwe kwa spana ya torki, kwa mpangilio na hatua za kitabu. Na maji ya kisima cha pwani, yale yenye ladha ya magadi, yasiingie kwenye rejeta hata kwa dharura ya siku mbili. Chumvi inaila alumini kutoka ndani. Weka kuulanti (maji maalumu ya rejeta).

Dalili ya 6: Inamisi sailensi, taa ya injini inawaka

Kwa IST, soma kosa kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. P0301 hadi P0304 inataja silinda inayomisi (inayokosa kuwaka). Hamisha koili ya silinda hiyo kwenda nyingine. Namba ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, hamisha plagi, kisha pima kompresheni. Taa ikiwa inamweta badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame: petroli isiyoungua inakwenda kuyeyusha kichujio cha ekzosi.

Mashine za boti

Wavuvi wa Deep Sea, Sahare na Kigombe wanatumia zaidi mashine za mipigo miwili, na hizo moshi wa bluu ni kawaida yake, usiogope. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita, yaani 400 kwa dumu la lita 20. Tumia uwiano uliotajwa na mtengenezaji wa mashine yako. Kupunguza oili ili kubana matumizi hakuishii kwenye oili: ringi na ukuta wa silinda hazina kilainishi kingine.

Ikipoteza nguvu, tazama kwanza maji ndani ya petroli: mimina kwenye chupa ya plastiki angavu, maji yanakaa chini. Halafu propela na uzi au nyavu zilizojizungusha. Halafu plagi. Halafu kompresheni, silinda zisiachane zaidi ya asilimia 10. Mshipi wa maji unaotoka ubavuni ukiwa mwembamba au umekatika, zima hapohapo, hata kama uko mbali na ufuko. Impela (kigurudumu cha pampu ya maji) imelika au njia za maji zimejaa chumvi, na mashine isiyopozwa hugandisha pistoni ndani ya dakika chache. Kuzibua njia iliyoganda chumvi ni kazi ya fundi mwenye gasketi na boliti mpya mkononi, kwa kuwa boliti za zamani hukatikia ndani ya hedi. Kila ukirudi pwani, izungushie maji baridi ya bomba dakika kumi ikiwa inaunguruma polepole, kisha chomoa mpira wa mafuta uiache imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta mpaka izimike yenyewe.